Fantaisie-Impromptu: nikifika 126 mikono inasambaratika. Tatizo ni nini hasa?

#1 KidoleChaNne
Wakuu, habari. Nina miaka 17, mwaka wa saba huu kwenye piano. Miezi mitano sasa nakomaa na Fantaisie-Impromptu ya Chopin. Noti zote ziko kichwani, na ile sehemu ya katikati ya taratibu hainisumbui. Kesi iko kwenye kurasa za mwanzo, na pale zinaporudi mwishoni.

Nikiweka metronomu (kile kifaa cha kugonga mapigo ya dakika) 100 kwa robo noti, safi. 112, safi. 120 nahema lakini napita. Ikifika 126 tu, kila kitu kinasambaratika, na si mahali pamoja: leo hapa, kesho pale. Nikirudi 120 inakubali. Nimepanda ngazi moja moja kama mwalimu alivyoniambia, na mwezi wa pili huu nagonga ukuta uleule. Halafu siku hizi nikimaliza, kigasha cha kulia kinakuwa kigumu kama gogo.

Waliopita hapa naomba mniambie: ni vidole vyangu, ni namna ninavyofanya mazoezi, au kazi hii ni kubwa kwangu?

#2 MzeeWaSkeli
Kijana, unakimbizwa na nani? Rudi 60, ukae hapo wiki tatu. Rachmaninoff, mpiga piano wa Urusi ambaye kiganja chake kilitanuka umbali wa noti kumi na mbili, alisikika akiifanyia mazoezi etyudi (kazi ya kujifunzia ufundi) ya Chopin, Op. 10 namba 2, polepole hadi aliyekuwa mlangoni akashindwa kuitambua. Sasa wewe na mimi ni nani?

#3 Bemoli_Moja
Mzee, hadithi ni ya kweli ila etyudi siyo hiyo. Ni Op. 25 namba 6, ile ya noti pachapacha mkono wa kulia. Aliyeisimulia ni Abram Chasins. Anasema kila kipimo (kipande kati ya mistari miwili ya wima) kilichukua kama sekunde 20, na ikaendelea hivyo karibu saa nzima.

Lakini hadithi hii kila mtu anaitoa nusu. Rachmaninoff alikuwa tayari anaweza kuipiga etyudi hiyo kwa kasi. Alikuwa anaikagua. Mleta uzi bado hajafika kwenye kasi, sasa atakagua nini?

#4 PedaliTupu
Maswali matatu kabla hamjamzika mtoto wa watu. Unatumia piano gani? Vidole unavyotumia umevitoa wapi? Na je, umewahi kupiga kila mkono peke yake kwa 132?

#5 KidoleChaNne
Nyumbani piano ya umeme, yenye nyundo. Kwa mwalimu ile ya wima ya nyuzi. Vidole ni vilivyochapwa kwenye kitabu, nimebadilisha sehemu mbili tatu. Kila mkono peke yake… kusema ukweli kulia ndiyo nimejaribu. Kushoto niliona ni rahisi.

#6 OktavaFupi
"Kushoto niliona ni rahisi." Haya, mgonjwa tumempata, tufunge uzi 😂

Nisikilize, mdogo wangu. Mimi kiganja changu ni kidogo, oktava naifikia kwa shida. Mwaka mzima nilipigana na mkono wa kulia kwenye kazi hiihii. Siku moja nikamwachia rafiki yangu kulia, mimi nikapiga kushoto tu. Aibu! Mkono wa kushoto unapanda na kushuka ukivuka oktava, tena na tena, bila pumziko hata moja. Mimi nilikuwa naunyoosha utanuke ufike kote kwa wakati mmoja badala ya kuusogeza. Ulikuwa unakaza taratibu, na ukikaza unachelewa, na ukichelewa kulia ndiyo inaonekana imekosea. Nilijifunza kukizungusha kifundo cha mkono kama mtu anayefungua kitasa. Wiki mbili tu nikapata ngazi tatu za metronomu.

Alicia de Larrocha alikuwa mfupi, na kiganja chake kilikuwa kidogo kwa vipimo vya wapiga piano, na bado alipiga makubwa yote. Usiniambie habari ya mikono mikubwa.

#7 NyundoNaUzi
Mimi natengeneza piano, sipigi vizuri, kwa hiyo nisemee upande wangu.

Piano kubwa ya kulala ina mtambo ambao msingi wake ni wa Érard, 1821: kitufe kinaweza kupigwa tena kabla hakijarudi juu kabisa. Piano nyingi za wima hazina mtambo huo, lazima kitufe kirudi karibu chote. Na ya umeme inategemea imeundwaje. Kitufe kinashuka kama milimita 10 hivi. Sauti inazaliwa kabla hujafika chini. Mtu anayeendelea kukandamiza baada ya hapo hapati kitu chochote zaidi ya uchovu. Mleta uzi, ukiwa kwenye 120 hebu sikiliza: vidole vyako vinagota chini "tok tok tok"? Kama ndiyo, unagombana na ubao.

#8 MzeeWaSkeli
Naona mmeanza kulaumu seremala. Enzi zetu tulipiga chochote kilichokuwepo. 60, wiki tatu.

#9 KimbiaUsitembee
Mzee nakuheshimu, lakini hiyo dawa yako huenda ndiyo inayomuumiza.

Tembea. Ongeza mwendo. Ongeza tena. Utafika mahali miguu inagoma, utalazimika kukimbia, na kukimbia si kutembea kulikoongezwa kasi. Ukikimbia kuna nukta miguu yote iko hewani, na ukitembea haipo kabisa. Mkono ni hivyohivyo. Kwenye 80 una muda wa kunyanyua kila kidole peke yake na kukishusha. Kwenye 168, kasi inayolengwa, huo muda haupo. Noti nne zinatoka kwenye msukumo mmoja wa mkono. Sasa mtu amefanya mazoezi ya kutembea miezi mitano halafu anashangaa kwa nini hakimbii. Huo ukuta wa 126 ndipo kutembea kunapoishia.

Fanya hivi: chukua noti tano tu za kulia. Zipige kwa kasi ya mwisho, zote kwa pumzi moja, simama kwenye ya tano, legeza mkono mpaka uwe kama nguo iliyoanikwa. Rudia mara nne. Kisha tano zinazofuata, ukianzia kwenye ile uliyosimamia. Baadaye unaunga. Metronomu weka kabatini.

#10 Metronomu_Mbovu
Nimeitwa kabatini tena 😭

#11 Bemoli_Moja
@KimbiaUsitembee mfano mzuri, nusu naukubali. Ila nimeona watu wa "noti tano tano" wanaishia kucheza kama gari lenye klachi mbovu: vipande vinaruka, viungo havipo. Na mleta uzi amesema anakosea mahali tofauti kila siku. Ingekuwa mwendo wa mkono haufai, angeanguka palepale kila siku.

#12 KimbiaUsitembee
Si lazima. Mkono uliochoka unaangukia popote.

#13 MamaWaNoti
Hamjambo. Nafundisha watoto na vijana piano, miaka mingi. Mwanangu, kuna jambo hakuna aliyekuuliza: zile noti nne za kulia juu ya tatu za kushoto katika kila pigo, unazipanga au unaziachia zijipange?

Wengi huambiwa "fundisha kila mkono njia yake, kisha uachie". Hufaa mpaka kasi fulani. Baada ya hapo mkono mmoja huanza kumvuta mwenzake, na kwa kuwa wanavutana kila pigo, kosa linaweza kutokea popote. Ndiyo maana leo hapa, kesho pale.

Gawanya pigo moja vipande 12. Kulia inapiga cha 1, 4, 7 na 10. Kushoto cha 1, 5 na 9. Ukivisoma kwa mfuatano: wote, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Wanafunzi wangu nawapa sentensi:

Wee! Paka toka nje.

"Wee" ivute. "Pa-ka" upesi. "To" ina nafasi yake pande zote mbili. "Ka-nje" zinabanana, kisha "nje" unaivuta hadi "Wee" nyingine. Mkono wa kulia unasema Wee, pa, to, nje. Wa kushoto unasema Wee, ka, ka. Anza kwa kugonga mapajani, piano baadaye.

#14 OktavaFupi
Nimegonga mapajani kwenye daladala, jirani yangu kahama kiti.

#15 PedaliTupu
Shikamoo Mama. Nimejaribu hii, inakaa vizuri kweli kwa mwendo wa taratibu. Ila kwa 168 kila pigo unatakiwa umfukuze paka mara karibu tatu kwa sekunde. Hakuna ulimi wa hivyo.

#16 MamaWaNoti
Marahaba. Kwa kasi hiyo husemi tena, paka ameshatoka. Sentensi ni ya kuzoesha sikio mpangilio. Mkono ukishaujua unabaki unaongoza pigo la kwanza tu.

#17 Bemoli_Moja
Mama, niongeze dogo moja ambalo naona linawapita wengi. Kipimo cha 5, pale kulia inapoingia kwa mara ya kwanza, nafasi yake ya kwanza ni kimya. Yaani "Wee" ile ni ya kushoto pekee, kulia inaingilia kwenye "pa". Mtu akiianza kulia pamoja na kushoto, kila kitu kinasogea nafasi moja, na atatafuta kosa wiki nzima bila kuliona.

#18 KidoleChaNne
Duh. Ngoja nikaangalie kitabu.

#19 KidoleChaNne
Kimya nilikuwa nakijua na nakifuata, ahsante Mungu. Ila nne kwa tatu sikuwahi kuzipanga. Niliziachia.

#20 Kifundo
Naomba mwache habari za kasi kidogo. Mleta uzi alitaja kigasha kuwa kigumu kama gogo na mmepita kama hamkuona.

Nilikuwa na miaka 19. Nilijiandaa kwa mashindano, saa sita hadi saba kwa siku, sonata moja ya Beethoven yenye oktava za kutetemesha mkono wa kushoto kurasa kwa kurasa. Ilianza hivyohivyo: mkono mgumu ukimaliza, asubuhi umepona. Baadaye ukawa haujapona asubuhi. Mwalimu wangu wa wakati ule akaniambia maumivu ni dalili misuli inajengeka. Nikaamini. Nilikaa miezi kumi na moja bila kupiga, na mwezi wa kwanza hata kufungua chupa ilikuwa kazi. Hadi leo nikifika saa moja na nusu nafunga kifuniko, hata kama naona utamu.

Leon Fleisher, kati ya wapiga piano wakubwa wa Marekani, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja bila ruhusa yake katikati ya miaka ya 1960. Akapiga kazi za mkono wa kushoto kwa miongo, akarudi kwa mikono miwili miaka ya 1990. Na Schumann aliharibu mkono wake kwa chombo cha kunyooshea vidole. Usicheze na hili. Pumzika, na mwone mtaalamu akuangalie kabla ya metronomu yoyote.

#21 Bemoli_Moja
Pole sana @Kifundo. Kwa Schumann tu niseme kidogo: chombo ni dhana moja. Wapo wanaosema ni zebaki aliyotibiwa nayo, wapo wanaosema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu wa aina ileile ya Fleisher. Kwamba mkono wa kulia uliharibika hakuna anayebisha. Chanzo ndicho bado wanagombania.

#22 OktavaFupi
Bemoli ukifa utalisahihisha jeneza lako.

#23 Bemoli_Moja
Kama limeandikwa vibaya, ndiyo.

#24 NyundoNaUzi
Kwa nini kigasha na si vidole? Kwa sababu misuli inayokunja vidole iko kwenye kigasha, vidoleni ni kano tu.

#25 Kifundo
Mikubwa ndiyo, iko huko. Lakini kuna midogo ndani ya kiganja pia, hiyo ndiyo inayotanua vidole na kuvibana. Mtaalamu wangu alinionyesha kwa kunibonyeza katikati ya gumba na shahada, niliruka. Na kidole cha nne, ambacho mleta uzi amejiita jina lake, kano zake nyuma ya kiganja zimeungana na za jirani zake. Ndiyo maana hakinyanyuki juu peke yake. Kukilazimisha ni kugombana na maumbile.

#26 MzeeWaSkeli
Mazoezi 60 ya Hanon, kitabu cha 1873, yaliandikwa kwa ajili ya kidole hichohicho. Vizazi vimepita humo.

#27 MamaWaNoti
Na Chopin mwenyewe, Mzee, alikuwa upande wa pili. Alisema kila kidole kina nguvu na tabia yake, tusivifanye vifanane. Wanafunzi aliwaanzisha kwa E, F#, G#, A#, B, gumba kwenye E, ili vidole virefu vikae juu ya vitufe vyeusi na mkono uwe umetulia ulivyo. Hata skeli ya B mejari aliiona nyepesi kwa mkono kuliko ya C, ingawa kwa macho C ndiyo rahisi. Kazi hii ya kijana wetu ina dizi nne (alama za kupandisha noti), mkono unakaa karibu vilevile. Aliyeiandika aliufikiria mkono.

Na kwa habari ya saa: wanafunzi wake wamesimulia kwamba hakutaka mtu azidishe saa tatu kwa siku.

#28 Kimya_Kimya
Nimekuwa nikisoma tu. Swali la kijinga: kwa nini hasa afike 168? Nani kasema?

#29 Bemoli_Moja
Si la kijinga. Chapa nyingi zina nusu noti = 84, yaani robo 168. Piga hesabu: noti nne kwa robo ni noti 672 kwa dakika, zaidi ya 11 kwa sekunde. Mleta uzi kwenye 126 yuko kwenye nane na kitu.

Lakini Chopin hakuichapisha kazi hii. Aliiandika 1834, akaiacha, akafariki 1849, na alikuwa ameomba kazi ambazo hazijachapwa ziteketezwe. Rafiki yake Julian Fontana ndiye aliyezitoa, 1855. Baadaye Arthur Rubinstein akapata nakala nyingine ya mkono wa Chopin, ya 1835, ikachapwa 1962, na inatofautiana na ya Fontana sehemu kadhaa. Kwa hiyo namba ile mimi siichukulii kama amri kutoka juu.

#30 KimbiaUsitembee
Chopin ameandika Allegro agitato, yaani haraka na kwa fadhaa. Agitato kwa 120 ni mtu aliyekasirika akiwa amelala.

#31 Kimya_Kimya
😂😂 Nimerudi kimya.

#32 PedaliTupu
Nami nitoe la moyoni, msinipige mawe. Kijana wa miaka 17 anayeomba ushauri kuhusu kazi ambayo hata ile nne kwa tatu hajaipanga: aliruka hatua. Preludi mbili za Chopin zilizo nyepesi, inveshini nne tano za Bach ili mikono ijifunze kujitegemea, etyudi kadhaa za Czerny, ndipo uje huku. Wote tunaijua sababu ya kuichagua. Kila video ya mtoto wa miaka tisa ni hii au La Campanella ya Liszt.

#33 OktavaFupi
Mimi nilianza nayo kabla ya wakati na sijutii. Ndiyo iliyonirudisha kwenye kiti kila siku. Ningepewa Czerny miaka ile ningekuwa nacheza mpira sasa hivi.

#34 PedaliTupu
Na ungekuwa unafunga magoli badala ya kupambana na kushoto kwako mwaka mzima.

#35 KidoleChaNne
Wakuu, mrejesho baada ya siku tisa. Nne za kwanza sikugusa piano, nilienda kuonwa mkono. Nimeambiwa nisizidishe dakika 25 bila kupumzika, na nikisikia ugumu nisimame hapohapo.

Nilivyojaribu:

Kushoto peke yake: inakufa kwenye 132! OktavaFupi, chukua ushindi wako.

Noti tano tano za kulia: kwa 152 zinatoka kama maji. Kuziunga ndipo pagumu, kama alivyosema Bemoli.

Paka: nilimfukuza siku tatu mfululizo kwa 50. Siku ya nne, kwa mwalimu, kwenye ile piano ya wima ambayo ni nzito kuliko yangu, nikapita 126 ukurasa mzima. Mwalimu alinyanyua kichwa akanitazama, hakusema kitu. Asubuhi yake nyumbani, kwenye piano yangu, nikaanguka kwenye 120. Usiku wake nikapita tena.

Sasa hata sielewi kilichosaidia ni nini.

#36 OktavaFupi
Kushoto. Nilisema ukurasa wa kwanza.

#37 NyundoNaUzi
Kitufe kizito kilikulazimisha utumie uzito wa mkono. Ya kwako ni nyepesi, unaikamua kwa vidole.

#38 Kifundo
Siku nne za kupumzika. Mkono uliopumzika na kulala vizuri unacheza vitu usivyovifanyia mazoezi jana yake. Mmeshaona mara ngapi?

#39 MzeeWaSkeli
Amesema mwenyewe alikaa kwenye 50 siku tatu. Hamsini! Hata mimi nilimwambia 60.

#40 KimbiaUsitembee
Mzee 😂😂 hapo umenifunga.

#41 Dizi_Mpya
Habari wakubwa. Nina miaka 14, nimeusoma uzi wote nikaona nami nijaribu. Nimekaa nayo tangu jana. Mbona kipimo cha 5 hakina ugumu wowote? Mikono yote miwili inaingia pamoja, inaenda vizuri tu.

#42 Bemoli_Moja
Inaingia pamoja?

#43 Dizi_Mpya
Ndiyo, kwa nini?